Mtoto Huulizwa Kwao, Kisha Hupewa Mbio

Hivi karibuni nilikwenda kumtazama mtoto wa ndugu yangu akifanya mazoezi ya michezo katika shule moja iliyo upande wa Westlands, hapa Nairobi. Uwanja wenyewe si mkubwa. Upande mmoja umepakana na ua wa michongoma, na upande wa pili ngurumo za magari ya Waiyaki Way husikika mchana kutwa. Mwalimu wa michezo alikuwa ameketi kitini, daftari gotini, na watoto wamejipanga mbele yake kama watu wanaongojea posho. Kila mtoto aliulizwa jina lake, kisha akaulizwa, "Kwenu wapi?" Aliyejibu Eldoret, au Kapsabet, au Kericho, aliandikwa mita 3,000 bila ya swali la tatu. Aliyejibu Kakamega alielekezwa kwenye mpira. Aliyejibu Lamu au Kitui aliambiwa akae kando kwanza.

Akafika msichana mwembamba wa miaka kumi na mitatu hivi, akasema kwao ni Iten. Baadaye alinieleza kwamba yeye amezaliwa Kangemi, na Iten ameiona mara mbili tu, mara zote mbili kwa msiba. Alipoona kalamu ya mwalimu inateremka kwenye orodha ya mbio ndefu, aliomba kwa adabu aandikwe mita 100. Mwalimu akacheka, tena bila ubaya. "Binti yangu," akasema, "kwenu hamkimbii mbio hizo. Usiiache zawadi yako ukatafuta ya watu." Na jina likaandikwa kwa wino mahali lilipokusudiwa.

Simlaumu mwalimu yule. Alikuwa na watoto wengi na saa moja ya kuwapanga, na jambo alilosema husemwa na nchi nzima, kuanzia vinyozi hadi wakubwa wa michezo. Lakini njiani maneno yake yalinirudia. Mimi ni mpenzi wa habari za michezo ya zamani, na najua kwamba miaka sabini na zaidi iliyopita watu wenye vyeo na elimu waliwatazama wakimbiaji wa Kenya wakasema kwa uhakika ule ule, ila walisema kinyume chake.

Mwaka 1954 Koloni la Kenya lilituma timu ya wanariadha Vancouver, Canada, kushindana katika Michezo ya Dola ya Uingereza na Jumuiya ya Madola. Safarini walitua London, na katika mwezi wa Julai wakaingia mashindano makubwa ya Waingereza katika uwanja wa White City. Wakati ule Waingereza wengi, na hasa waandishi wa magazeti yao, waliamini kwamba Mwafrika anafaa mbio fupi tu. Ana nguvu za ghafula, walisema, lakini hana pumzi ya kudumu wala hajui kugawa mwendo wake. Mbio ndefu zataka hesabu na uvumilivu, na katika mambo hayo mawili hawakumtarajia.

Basi akatokea Lazaro Chepkwony, Mnandi, akaingia mbio za maili sita kwa miguu mitupu. Mara alichomoka mbele ya wenzake kama mtu aliyeitwa nyumbani, mara akapunguza, kisha akachomoka tena, na Waingereza waliokuwa nyuma yake hawakujua wamfuate au wamwache. Kabla ya mwisho mguu ukamwuma, akatoka. Watazamaji wakatikisa vichwa. Walikuwa wameonyeshwa jambo walilokuja wakilijua.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya Nyandika Maiyoro, Mkisii, naye miguu mitupu, katika maili tatu. Aliondoka kwa kasi hata akawaacha wote kwa yadi nyingi. Watu wakangoja aishiwe na nguvu kama mwenzake. Walimkamata, ndiyo, Freddie Green na Chris Chataway walimaliza mbele yake kwa muda mmoja, dakika 13 na sekunde 32.2, nao ulikuwa rekodi mpya ya ulimwengu. Lakini Maiyoro hakutoka, wala hakuanguka. Alikuwa wa tatu. Yaani mtu asiyekuwa na pumzi, kwa maneno yao, alishindwa siku ile na watu wawili tu, na wawili hao walilazimika kukimbia kuliko binadamu yeyote aliyewahi kupimwa katika masafa yale. Mwezi uliofuata alikuwa wa nne katika maili tatu huko Vancouver. Mwaka 1956, katika Olimpiki ya Melbourne, alikuwa wa saba katika mita 5,000, na Roma mwaka 1960 akawa wa sita.

Jambo moja katika habari hii hunishangaza zaidi ya mengine. Kule kuchomoka kwa Chepkwony katikati ya mbio kuliitwa ujinga wa mtu asiyejua mwendo. Miaka kadhaa baadaye Wakenya walipoanza kushinda kwa kufanya vivyo hivyo, kuharakisha na kupunguza mpaka mioyo ya wenzao ikavunjika, kitendo hicho hicho kiliitwa mbinu, na makocha wa ng'ambo wakaja kukiandika katika vitabu vyao. Miguu haikubadilika. Kilichobadilika ni jina la kile ambacho miguu ilikuwa ikifanya.

Tena nani asemaye kwamba mbio ndefu zilikuwa za mkoa mmoja tangu asili? Katika miaka ile ya 1950 sifa kubwa ya mbio ndefu ilikuwa ya Wakisii. Maiyoro alikuwa wa kwao. Arere Anentia, aliyepata shaba katika maili sita huko Cardiff mwaka 1958, alikuwa wa kwao. Na Naftali Temu, aliyeshinda mita 10,000 huko Mexico tarehe 13 Oktoba 1968 na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, naye ni mtoto wa Kisii. Lau mwalimu wetu angalikuwa na daftari lake mwaka 1958 na kuuliza "Kwenu wapi?", yaelekea mtoto wa Nyaribari ndiye angaliandikwa mbio ndefu kabla hajamaliza kutaja jina la babake.

Twaweza kusema hayo ni maoni ya watazamaji tu, nayo hayamzuii mkimbiaji. Laiti ingekuwa hivyo. Tazama mbio za mita 1,500 za Olimpiki ile ile ya Mexico. Mji wa Mexico uko mita 2,240 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Jim Ryun wa Marekani ndiye aliyekuwa na rekodi ya ulimwengu, dakika 3 na sekunde 33.1, aliyoiweka mwaka 1967. Yeye na washauri wake walipiga hesabu wakaona kwamba katika hewa ile mtu akikimbia dakika 3 na sekunde 39 atashinda. Hakuna awezaye zaidi. Kipchoge Keino hakuwa na hesabu hiyo. Alikuwa mgonjwa wa nyongo, alikuwa ameanguka kwa maumivu katika mita 10,000, alikuwa amekwisha kupata fedha katika mita 5,000, na husimuliwa kwamba siku ya fainali aliliacha basi katika msongamano wa magari akaenda uwanjani mbio. Ben Jipcho, mwenzake, akavuta mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56, mwendo ambao kila mwenye hesabu angeuita wazimu. Keino akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Ryun alikuwa nyuma yake mita 20 hivi, kwa dakika 3 na sekunde 37.8.

Angalia vema tarakimu hizo. Ryun alikimbia vizuri kuliko alivyokusudia! Alitimiza hesabu yake na zaidi, akashindwa, maana hesabu yenyewe ndiyo iliyokuwa dari. Sisemi kwamba moyo peke yake ulimpa Keino dhahabu. Mtu aliyezaliwa na kukulia milima ya Nandi ana damu na mapafu yaliyozoea hewa nyepesi, na faida hiyo ni ya kweli. Lakini urefu ule ule wa mji, mmoja aliuona kama kizuizi kilichowekwa na maumbile, na mwingine aliuona kama njia ya kwenda shule.

Baada ya siku hizo Wakenya wakashinda sana, na ushindi ukazaa imani mpya: Mkenya ni mtu wa mbio ndefu. Imani hiyo ilitupa fahari kubwa, nayo inastahili. Ila ilikuwa na mkia. Tulianza kusema, na wageni wakatuitikia, kwamba Mkenya hawezi mbio fupi. Kusema hivyo kulihitaji kusahau mengi. Kulihitaji kumsahau Seraphino Antao, kijana wa Mombasa, aliyeshinda yadi 100 na yadi 220 huko Perth, Australia, mwaka 1962, nazo zikawa medali za kwanza za dhahabu za Kenya katika michezo ile ya Jumuiya. Kulihitaji kuwasahau vijana wetu waliopata fedha ya mita 400 kwa watu wanne huko Mexico mwaka 1968, na wale wa Munich mwaka 1972, Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang, waliopata dhahabu. Sang peke yake alipata shaba ya mita 400 katika Olimpiki hiyo ya Munich, kwa sekunde 44.92. Hao nao walikuwa Wakenya. Lakini jambo lisilosimuliwa kwa watoto ni kama halikutokea.

Sasa nirudi karibu na nyumbani. Ukitoka katikati ya mji kwa Uhuru Highway, ukapita Museum Hill, na barabara ile ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 ikikutia kivuli, utaona mkono wako wa kushoto miti ya Chiromo, mahali ambapo Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha sayansi. Ferdinand Omanyala alikuwa mwanafunzi wa kemia wa chuo hicho. Alikuwa mchezaji wa raga, mwenye mwili wa kujaa, na mbio alizianza akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, wakati wenzake wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kufundishwa miaka kumi. Katika raga watu waliona kasi yake wakamshauri ajaribu mita 100. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi alivyokuwa akiambiwa kwamba mbio hizo si za Wakenya.

Haikuwa njia nyofu. Mwaka 2017 alifungiwa miezi 14 baada ya vipimo kuonyesha dawa iitwayo betamethasone, iliyotokana na matibabu ya maumivu ya mgongo. Wengi wangerudi kwenye kemia. Alirudi uwanjani. Katika Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, alifika nusu fainali na kukimbia sekunde 10.00. Kisha tarehe 18 Septemba 2021, katika uwanja wa Kasarani hapa Nairobi, alimaliza kwa sekunde 9.77. Trayvon Bromell wa Marekani alimtangulia kwa mia moja tu ya sekunde. Rekodi ya Afrika, iliyokuwa sekunde 9.84, ikahamia Kenya siku hiyo. Mwaka uliofuata, huko Birmingham, Omanyala akashinda mita 100 za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mkenya wa mwisho kushinda mbio fupi kuliko zote katika michezo hiyo alikuwa Antao, miaka 60 nyuma.

Hapa pana jambo la kuchekesha, nami naomba msomaji anivumilie nilieleze. Hewa nyepesi humdhuru mkimbiaji wa masafa marefu, kwa kuwa humpunguzia oksijeni, lakini mkimbiaji wa mita 100 haitegemei sana pumzi yake. Anayo haja ya kupasua hewa, na hewa nyepesi hupasuka kwa urahisi. Ndiyo sababu Olimpiki ya Mexico ilileta rekodi za mbio fupi na kuruka, kama sekunde 9.95 za Jim Hines na ule mruko wa Bob Beamon wa mita 8.90. Nairobi yetu iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kwa kanuni za maumbile, mji huu ni mahali pazuri pa kukimbilia mbio fupi kuliko London, Tokyo au Paris. Tuliketi miaka mingi juu ya kiwanja cha kufaa wakimbiaji wa mbio fupi, tukiambiana kwamba mbio fupi haziwezekani hapa.

Je, wataalamu husema nini juu ya fikira na mwili? Wamefanya majaribio mengi, nami nitataja matatu yaliyo rahisi kueleza.

La kwanza litawahusu makarani. Huko Bangor, Wales, Samuele Marcora na wenzake walichukua watu 16, wakawaweka kwa dakika 90 mbele ya kazi ya kuchosha akili, kisha wakawapandisha kwenye baiskeli isiyokwenda popote na kuwataka wakanyage mpaka washindwe. Siku nyingine watu wale wale walitazama sinema za kutuliza kabla ya kukanyaga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Akili ikiwa imepumzika, walidumu kwa wastani wa sekunde 754. Akili ikiwa imechoka, sekunde 640. Moyo na misuli yao ilifanya kazi vilevile siku zote mbili. Tofauti ilikuwa kwamba, wakiwa wamechoka akili, kazi ile ile waliihisi ni nzito zaidi, wakaiacha mapema. Karani anayeshinda akijumlisha hesabu, kisha jioni akaenda kukimbia kando ya Arboretum na kujiona amezeeka ghafula, asikimbilie kulaumu magoti yake.

La pili ni la Canterbury, Uingereza. Christopher Beedie na wenzake waliwaambia waendesha baiskeli wachache wenye ujuzi kwamba watapewa kafeini, ile nguvu iliyomo katika kahawa, siku moja kidogo, siku moja nyingi, na siku moja hawatapewa kitu. Kwa kweli hawakupewa kafeini hata siku moja. Walipodhani wamepata nyingi, nguvu yao ilipanda kwa asilimia 3.1; walipodhani wamepata kidogo, asilimia 1.3, na walipodhani hawakupata kitu, ilishuka kwa asilimia 1.4. Hayo yalichapishwa mwaka 2006. Mimi naona kule kushuka ndiko kuzito kuliko kupanda. Kumwambia mtu kwamba hana kitu kulitosha kumpunguzia alichokuwa nacho.

La tatu lilifanywa katika Chuo Kikuu cha Northumbria na kuchapishwa mwaka 2012. Waendesha baiskeli waliwekewa mbele yao picha ya mshindani kwenye kioo, wakaambiwa, huyo ni wewe mwenyewe, katika siku yako iliyo bora. Lakini watafiti walikuwa wameiongezea picha ile nguvu kwa asilimia 2. Waendeshaji wakaishindania picha, na wakapita muda wao bora, kwa kuwa waliamini kwamba wanalolifuata wamekwisha kulifanya.

Mkulima hahitaji maabara kulielewa jambo hili. Aliyebeba gunia la mahindi mgongoni akiambiwa ghala liko nyuma ya mkalitusi ule, mgongo hunyamaza. Akifika pale akaambiwa ghala limehamishwa mpaka ng'ambo ya mto, gunia lile lile huongezeka uzito papo hapo, ingawa hakuna aliyelitia hata punje moja. Uchovu una sehemu iliyo katika misuli, na una sehemu nyingine iliyo katika makisio: kiasi gani kimebaki, na je, mtu kama mimi huweza?

Lakini nisije nikaeleweka vibaya, maana siku hizi wako watu wanaouza imani kama wauzavyo dawa ya meno. Husimulia habari ya Roger Bannister, Mwingereza aliyekuwa wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4, huko Oxford, tarehe 6 Mei 1954, kwa dakika 3 na sekunde 59.4. Husema kwamba ulimwengu mzima uliamini haiwezekani, naye alipovunja imani ile, watu kwa makumi wakapita katika muda mfupi. Habari ni tamu, ila hesabu yake si sawa. John Landy wa Australia alipita kweli baada ya siku 46. Lakini hata mwaka 1955 ulipokwisha, waliokuwa wamepita walikuwa watano tu, pamoja na Bannister mwenyewe. Tena rekodi ile ilikuwa imekaa miaka tisa hasa kwa sababu ulimwengu ulikuwa ukitoka vitani, na vijana wa kukimbia walikuwa na njaa au makaburini. Bannister hakushinda kwa kufumba macho na kuamini. Alikuwa daktari mwanafunzi aliyeujua mwili, na alikuwa na rafiki wawili wa kumvutia mwendo, mmoja wao akiwa Chataway yule yule ambaye Maiyoro alimkuta White City miezi miwili baadaye.

Eliud Kipchoge ni hivyo hivyo. Tarehe 12 Oktoba 2019, huko Vienna, Austria, alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, na neno lake kwamba hakuna binadamu aliyewekewa mpaka likaenea duniani. Hapa Nairobi watu walisimama mabarabarani wakitazama. Lakini alikuwa na wakimbiaji 41 wa kupokezana kumkinga upepo, gari la kumwonyesha mstari wa mwendo barabarani, viatu vya namna mpya, na miaka mingi ya kuamka kabla ya jua. Kwa sababu ya misaada hiyo muda ule haukuandikwa kuwa rekodi rasmi. Miaka miwili kabla yake, huko Monza, Italia, alikuwa amejaribu akakosa kwa sekunde 26. Kule kukosa hakukuwa upungufu wa imani; na kupata hakukuwa imani peke yake. Imani ilimfanya arudi kujaribu, mazoezi na maandalizi yakafanya yaliyobaki.

Ndiyo maana sipendi mtoto aambiwe kwamba anaweza kila kitu. Huo nao ni uongo, na watoto huutambua upesi. Nisemalo ni dogo zaidi: asiambiwe kwamba hawezi kabla ya kupimwa. Mtoto aliyeandikwa mbio ndefu kwa sababu ya jina la kijiji chake, asipokuwa na kipaji chake huko, ataona ameiaibisha kabila nzima. Na yule wa Kitui aliyekaa kando hatajua kamwe alikuwa nani. Hasara hizo mbili haziandikwi katika daftari lolote.

Wiki iliyofuata nilirudi katika uwanja ule. Nilimsogelea mwalimu, nikamsalimu, na baada ya kuzungumza habari za mvua nilimwomba kitu kimoja. "Mwalimu," nikamwambia, "mita 100 hazichukui hata dakika moja. Waache wakimbie wote wanaotaka, ndipo uandike." Alinitazama kama mtu anayepima kama mzee huyu ana cheo au ana wazimu tu. Kisha akapuliza filimbi.

Wasichana wanane walijipanga kwenye nyasi. Yule wa Kangemi, au wa Iten, kama mpendavyo, alisimama mstari wa mwisho karibu na michongoma. Hakupata kufundishwa namna ya kuondoka, naye alichelewa. Wenzake walikuwa wamekwenda hatua mbili kabla hajanyanyua mguu. Alikuwa wa saba, kisha wa tano, akamaliza wa tatu, na alipopita mstari aliendelea kukimbia mpaka akafika uani kwa kushindwa kusimama. Mwalimu aliitazama simu yake iliyokuwa saa, akaitazama tena, akamwuliza kama ana viatu vingine. Hana, alisema.

Mwalimu akafungua daftari. Katika orodha ya mita 3,000 jina lake bado liko kwa wino. Katika orodha ya mita 100 aliliandika chini kabisa, kwa kalamu ya risasi.